Wimbo Ambao Kiden Hayumo

Siku hiyo naikumbuka kwa joto lake, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi, jua la Juba limekaa juu ya mabati ya soko la Konyokonyo, nami nimesimama mbele ya kibanda cha Salongo nikisikiliza gitaa langu mwenyewe likitoka kwenye spika yake. Salongo alikuwa Mganda, na kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu na kuwatilia nyimbo kwenye memori kadi. Watu walikuwa wamesimama kusikiliza. Mama mmoja alikuwa ameshusha beseni lake la samaki. Vijana wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki zao. Albamu yetu ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, na kwa muda ule mfupi niliamini kwamba maisha yangu yamefika mahali yalipokuwa yakielekea.

Salongo aliniona akacheka. "Dada Poni, hii wimbo yenu mimi iko nauza kushinda ya kanisa," akasema. "Kila mtu nataka hii tu. Hata askari nakuja hapa."

Hata askari. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikwenda kuwaambia wenzangu kama mtu anayepeleka habari njema.

Juzi uliniletea wimbo wako nikusikilizie, ukaniuliza mbona mimi niliyekuwa na bendi sina hata gitaa nyumbani. Nilikwambia nimechoka. Hilo halikuwa jibu, na leo nataka nikujibu. Unaniita mzee na mimi naitika, ingawa hamsini sijafika. Wakubwa wangu hawapo tena, na mtu anayebaki hukalishwa kwenye kiti chao atake asitake. Basi nisikilize kama unavyomsikiliza mzee.

Tulikuwa watatu. Ladu aliimba na kupiga gitaa, Gatluak alikuwa nyuma ya dramu, na mimi nilipiga besi. Ladu na mimi ni Wabari, kwetu ni hapa hapa Juba, mtaa wa Kator. Gatluak alikuwa Mnuer, kwao mbali huko kaskazini. Lakini vita vya zamani vilikuwa vimetutupa sote Kenya tukiwa watoto, kwanza kambini Kakuma na baadaye Nairobi, kwa hiyo lugha yetu ya kutaniana na ya kugombana ilikuwa Kiswahili. Huko Nairobi ndiko Ladu alikoisikia punk rock kwa rafiki wa shule: muziki wa mbio, gitaa linalokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, na maneno ya mtu asiyetaka kumbembeleza yeyote. Hatukuwa mafundi. Muziki ule haukudai ufundi, ulidai tu uwe na jambo limekukaa kooni, na sisi tulikuwa nayo mengi. Tulijiita Waya Wazi, kwa sababu chumba chetu cha kwanza cha mazoezi kilikuwa na nyaya zilizochunika na Gatluak alipigwa shoti siku ile ile tuliyoingia.

Tulirudi Juba uhuru ulipokaribia. Albamu yetu ya kwanza ilitoka wakati wa sherehe zile, na kama ungekuwepo ungedhani sisi ni wanamuziki wakubwa. Watu walicheza barabarani wamejifunga bendera, bibi vizee wanapiga vigelegele, wanaume wazima wanalia hadharani. Walicheza nyimbo zetu. Lakini mwanangu, mwezi ule wangecheza hata honi ya lori. Tulijidanganya kwamba wametupenda sisi, kumbe walikuwa na furaha isiyo na pa kwenda, nasi tulikuwa karibu.

Furaha ile haikukaa. Sina haja ya kukueleza yote. Wakubwa walijenga kuta, magari makubwa yakajaa mjini, na mtu wa kawaida akabaki na dumu lake la maji ya mtoni kama zamani. Tuliona, tukaguna, tukaendelea kuishi. Kisha Kiden akafa.

Kiden alikuwa dada mdogo wa Ladu. Alikuwa mcheshi, mwenye kucheka hadi anakaa chini, na ndiye aliyetushonea mashati meusi ya kuvaa jukwaani. Siku ya kujifungua Ladu alimpeleka hospitali. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta ya pale haikuwa na mafuta. Wakunga walihangaika kwa taa za simu. Kiden alikuwa akivuja damu na hakuna aliyeweza kuona vizuri inatoka wapi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya mkubwa mmoja, ukuta mrefu, na juu ya ukuta mwanga umemwagika, taa za rangi kwenye miti, watu wanasherehekea. Ladu alivuka akaenda kugonga lango lile. Aliomba dumu moja la mafuta. Walinzi walimwambia aondoke. Aligonga tena, akapiga kelele, akawaambia walio ndani watoke nje, anajua wamo, watoke wamwone. Hakutoka mtu. Aliporudi, Kiden alikuwa amekwisha fariki, na mtoto hakuishi hadi asubuhi.

Baada ya matanga Ladu alikuja kwenye mazoezi na wimbo. Ulikuwa kwa Kiarabu cha Juba, lakini kwa Kiswahili maneno yake ni haya:

Tokeni nje, tokeni nje,
tunajua mmo ndani.
Ukuta hauwafichi leo,
tumefika mlangoni.

Hayo tu, yakirudiwa na kurudiwa, na Gatluak akipiga dramu kama mtu anayevunja lango. Tulipoupiga mara ya kwanza nilihisi nywele zinanisimama. Sijawahi kushika kitu chenye nguvu namna ile, kabla wala baadaye.

Tuliirekodi albamu kwenye chumba kimoja mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio alitwambia kwa upole kwamba hawezi kuipiga. Kwanza ni makelele, na pili ana watoto wa kulisha. Padri aliitaja kwenye mahubiri bila kututaja sisi. Wakenya wa mahoteli na mabenki walikuja kututazama tulipopiga ukumbini, wakarukaruka, wakasema Juba nayo imeamka. Lakini walioipokea hasa ni vijana wa mitaani. Tulipofika kwenye "Tokeni Nje" tulikuwa tunanyamaza, ukumbi unaimba wenyewe, ngumi juu, mishipa ya shingo imewatoka. Nilikuwa nikiwatazama nikifikiri, hawa wote wanamlilia Kiden. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia jina la Kiden.

Sasa, tulikuwa tukifanya mazoezi nyumbani kwa bibi yake Ladu hapa Kator. Sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa Kiarabu cha Juba. Yeye ndiye aliyemlea Kiden tangu mama yao alipofariki. Na jirani yake, ng'ambo ya ua wa mabati, alikuwa Mwalimu Tut, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, Mnuer kama Gatluak, mtu mpole anayepiga pasi mashati yake ya wiki nzima kila Jumapili. Yeye ndiye aliyetuazima waya mrefu wa umeme. Alikuwa akija kusimama kwenye ua, anasikiliza hadi tumalize, kisha anatwambia kwamba sehemu anayoipenda kwenye nyimbo zetu ni pale zinapokwisha. Ladu alizoea kumwita kwa kuimba mstari mmoja wa "Tokeni Nje" kwa sauti ya juu, na mzee wa watu anafungua lango lake akicheka na kuja kunywa chai.

Siku moja Haboba alituita sote watatu tukae. Alikuwa ameusikia wimbo kwa watoto waliokuwa wakiuimba bombani.

"Ladu," akasema, "huyo aliye ndani ya nyumba ni nani?"

Ladu akasema ni wakubwa, kila mtu anajua.

"Mimi sikujua. Nilisikia mtu yuko mlangoni, ananiambia nitoke, anajua nimo." Akatumiminia chai. "Katika vita vile vya zamani walikuja hivyo hivyo. Niliposikia wimbo wako nilitafuta pa kujificha, kabla sijakumbuka kwamba anayeimba ni mtoto wangu."

Ladu alimweleza, kwa heshima, kwamba ukimtaja mkubwa kwa jina utalala gerezani. Haboba akamjibu kwamba hakumwomba amtaje mkubwa. Alimuuliza Kiden yuko wapi ndani ya wimbo ule. Yuko wapi mtoto, ziko wapi zile taa za simu. Ladu akasema wimbo wa namna yetu hauna nafasi ya maneno mengi. Tulimshukuru kwa chai, tukaenda zetu. Njiani Gatluak alisema wazee hawaelewi punk rock, na tulicheka, mimi pia.

Vita vilianza Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Sitakusimulia vilianzaje, maana wanaosimulia ni wengi na kila mmoja ana chake. Sisi watu wa mitaani tulichojua ni risasi usiku kucha, na asubuhi yake habari kwamba watu wanatafutwa nyumba kwa nyumba, wanaulizwa kabila, na wanaosakwa ni Wanuer. Gatluak alifika kwa Haboba kulipopambazuka, amepitia nyuma ya nyumba za watu, kiatu kimoja. Nilikuwa pale kwa sababu nyumba ya Haboba ilikuwa ya matofali na yetu ya mabati. Tulimweka Gatluak chumba cha ndani, nyuma ya magunia ya mkaa. Ladu alisogea kwenye ua wa Mwalimu Tut akamnong'oneza aje na yeye. Mwalimu akajibu kwamba amefunga lango, amezima kila kitu, na kutembea sasa hivi ni hatari zaidi.

Mchana tuliwasikia. Walikuwa bado mbali, kona ya pili, na mwanzoni nilidhani ni redio. Kisha nikatambua wimbo. Walikuwa wakiimba "Tokeni Nje" kwenye kila lango, wakipiga mabati kwa vitako vya bunduki, na kati ya mstari na mstari tunasikia lango linafunguka, mtu anapiga yowe, kisha wanaimba tena. Nilimtazama Ladu. Alikuwa amekaa sakafuni, mikono juu ya kichwa. Nyuma ya magunia Gatluak alisema kwa sauti ya chini sana, "Wanakimbiza mdundo." Sijui kwa nini alisema hivyo. Nadhani akili yake ilitafuta kitu inachokijua, ikashika hicho.

Walipofika kwetu Haboba aliinuka. Tulijaribu kumshika, akatuondoa mikono. Alifungua lango mwenyewe, nami namtazama kupitia ufa wa dirisha. Walikuwa vijana, wengine na sare na wengine bila sare, wengine nimewahi kuwaona ukumbini ngumi juu.

"Mmeniita nitoke, nimetoka," Haboba akawaambia. "Wimbo huo ni wa mjukuu wangu. Alimwandikia dada yake aliyekufa. Hakuuandika kwa ajili ya milango ya watu."

Mwanangu, alidhani wataona aibu. Aliniambia hivyo baadaye, tena na tena, hadi siku zake za mwisho. Alidhani wakijua ni wimbo wa msiba watanyamaza na kwenda.

Hawakuona aibu. Walifurahi. Mmoja akauliza kama ni kweli hapa ni kwa Ladu wa Waya Wazi, na kama yumo ndani. Wakataka kumwona. Walisema wataingia kumtafuta, na kuingia ndani kulikuwa na maana moja tu, kumkuta Gatluak. Ladu alisimama, akajifuta uso na shati lake, akatoka.

Walimshangilia. Nakwambia ukweli, walimkumbatia, wakampiga mabegani kama mchezaji aliyefunga bao. Mmoja akatoa simu ili ampige picha. Wakamwomba awaimbie, yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Ladu alitazama mlango wa nyumba, akatutazama bila kutuona, na akaimba. Aliimba pale langoni, na wao wakiitikia, na nyumba yetu hawakuiingia.

Aliporudia mstari wa pili, lango la jirani lilifunguka. Mwalimu Tut alikuwa ndani amejificha, hakuona kitu, alisikia tu sauti ya Ladu inaimba kwa nguvu kama siku zote alipokuwa akimwita, na watu wanacheka. Alidhani hatari imepita. Alitoka na shati lake jeupe lililopigwa pasi, akasema, "Ladu, vipi huko?"

Ladu alikuwa bado anaimba. Aliona, na sauti ikakatika katikati ya neno. Walimuuliza Mwalimu swali moja, kwa lugha yao, akashindwa kulijibu wanavyotaka. Wakamchukua. Haboba aliwafuata akishika mkono wa mmoja wao na kumsihi, wakamsukuma akaanguka. Mwalimu Tut hakurudi, na mahali alipozikwa, kama alizikwa, hatupajui.

Gatluak tulimpeleka kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, amelala sakafuni mwa gari la Mkenya mmoja wa hoteli, amefunikwa maturubai. Alipona. Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kumwona. Alikuwa akiishi chini ya plastiki, matope hadi vifundoni, watu wamebanana, kila mmoja na hesabu ya waliouawa kwao. Nilikaa naye. Kisha nikasikia, nyuma ya mahema, vijana wanafanya mazoezi ya kukimbia na wanaimba. Ulikuwa ule ule. Walikuwa wameutafsiri kwa lugha yao.

"Wanasema siku watakaporudi mjini watauimba kwenye malango ya wale waliowaimbia," Gatluak akaniambia. "Hawajui kwamba ni sisi. Nilitaka kuwaambia, kisha nikaona, niwaambie nini?"

Nilimwomba asiende nao. Alisema hana alichoamua. Mara ya pili nilipokwenda sikumkuta. Alikuwa ameondoka na vijana wale kuelekea kaskazini, na tangu siku hiyo sijapata habari zake. Mama yake aliwahi kuniuliza kama alichukua vijiti vyake vya dramu. Nilimwambia sijui.

Ladu yuko Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi, analima bamia. Nilimtembelea mara moja. Tuliongea kuhusu mvua na bei ya mbegu. Watoto wa jirani walipoanza kuimba, wimbo wa shule tu, usio na ubaya wowote, aliinuka akaenda shambani hadi waliponyamaza. Haboba alikufa kabla mwaka uliofuata haujaisha. Nilikuwa kando yake. Hakuzungumzia vita. Alisema, "Mimi ndiye niliyewaambia yumo ndani." Nilimwambia hapana. Hakunisikiliza.

Na vita vilipolipuka tena mjini, Julai ya mwaka mwingine, niliusikia kwa mara ya tatu, kwa watoto ambao sisi tulipoutunga walikuwa bado wanacheza na magurudumu. Walikuwa wamebadilisha mstari mmoja, ukawa mbaya zaidi, na mdundo ulikuwa mzuri zaidi. Hakuna njia ya kuurudisha. Nilikwenda kwa Salongo kumwomba aufute, akaniambia kwa huruma kwamba yeye alikwisha ufuta siku nyingi, lakini sasa uko kwenye kila simu. Tena akaniomba msamaha, yeye ambaye hakukosa lolote.

Ndiyo maana hakuna gitaa nyumbani mwangu.

Sasa kuhusu wimbo wako. Una nguvu, na una hasira, na hasira yako ni ya haki. Kila unachokilalamikia mimi nakiona kila siku. Sikuambii unyamaze. Kuna watu nyuma ya kuta wangependa sana mimi nikuambie hivyo, na sitawafanyia kazi yao. Lakini nimeusikiliza mara tatu na sijamsikia mtu ndani yake. Nimesikia "wao". Nimesikia "siku yao inakuja". Mwanangu, katika mji huu kila mtu ni "wao" wa mtu mwingine.

Basi ukiimba, sema umemlilia nani. Taja jina lake, taja alichekaje, taja taa ya simu na dumu la mafuta lililokosekana. Ujaze wimbo wako mtu wako hadi yeyote asiweze kuupeleka kwenye mlango usiohusika bila kumbeba na yeye. Usiwafurahie wanaokushangilia kabla hujajua wanashangilia nini. Na mtu mzee akikuuliza swali kuhusu wimbo wako, usicheke njiani. Kaa umjibu.

Sijui kama haya yatamwokoa mtu. Pengine hata Kiden angekuwemo kwenye wimbo, wangemtoa, kama watoto wale walivyobadilisha mstari. Nimeliwaza hilo miaka mingi na sijapata kitu cha kunituliza. Nakupa tu nilicho nacho, na ni kidogo.

Mungu akulinde wewe na sauti yako. Akujalie kumzika kila umpendaye kwenye kaburi unalolijua, na umri wako uwe mrefu kuliko wa marafiki zangu. Na popote utakaposimama kuimba katika nchi hii, walio ndani ya nyumba wakusikie bila hofu, wafungue lango, nawe uwe salama nao. Amina.